Kucheza Kwanza, Kumiliki Baadaye: Uchambuzi wa Kisa cha Ligi ya Kadi kwa Watoto

Usuli

Kisa hiki kinahusu ligi ndogo ya mchezo wa kadi za kukusanya na kubadilishana, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa umri wa miaka 7 hadi 13 katika chumba cha mikutano cha maktaba ya umma. Majina ya wahusika, mahali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili familia zilizohusika zisitambulike. Maelezo yametoka katika daftari la mratibu, majedwali ya matokeo, na mazungumzo na wazazi pamoja na watu wazima waliojitolea kusaidia.

Mratibu alikuwa mzazi aliyekuwa ameucheza mchezo wa aina hii ujanani. Alichokiona kwa watoto waliomzunguka ni kwamba walikuwa na kadi nyingi lakini hawakuwa wakicheza. Walizipanga kwa rangi, walizihesabu, walibishana ipi ina nguvu kuliko ipi, lakini ni wachache mno waliowahi kuufikisha mchezo mmoja mwisho kwa kufuata kanuni zake. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari aliandika lengo la ligi kwa sentensi moja: watoto wajifunze kucheza kwa kanuni, na wacheze na wenzao wasiowafahamu. Nalitaja lengo hilo mapema kwa sababu halisemi neno lolote kuhusu kubadilishana kadi, ilhali hilo ndilo lililokaribia kuivunja ligi.

Uchaguzi wa mchezo

Michezo mitatu ilizingatiwa. Wa kwanza ulikuwa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, ambao ndio uliofungua njia kwa michezo yote ya aina hii. Uliwekwa kando kwa sababu umekusudiwa wachezaji wa miaka 13 na kuendelea, na kadi zake nyingi zinamtaka mchezaji asome kwa makini sana. Wa pili, Yu-Gi-Oh!, ulipendwa na watoto wakubwa, lakini maelezo yake marefu yaliyochapwa kwa herufi ndogo yangewaacha nyuma wale wa miaka saba na minane.

Uliochaguliwa ni mchezo wa kadi wa Pokémon, ambao ulianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Kila mchezaji huja na deki, yaani seti yake ya kuchezea, ya kadi 60 kamili, huanza na kadi 7 mkononi, na huweka kadi 6 za zawadi kando, zikiwa zimefunikwa. Kila anapomwangusha Pokémon (kiumbe wa kubuni aliyechorwa kwenye kadi) wa mpinzani, huchukua zawadi kutoka katika fungu lake mwenyewe, na anayemaliza zawadi zake zote kwanza ndiye mshindi. Mtu anaweza kushinda pia ikiwa mpinzani hana tena Pokémon mezani, au ikiwa mpinzani huyo hana kadi ya kuvuta zamu yake inapoanza. Sababu aliyoitoa mratibu ilikuwa ya kimalezi: mtoto mdogo ambaye bado anasoma kwa kusitasita anaweza kulitazama fungu lake la zawadi likipungua na akajua amefika wapi. Naona uchaguzi huo ulikuwa sahihi, na matatizo yaliyofuata hayakutokana nao.

Muhula wa kwanza

Ligi ilianza na watoto 14, kila mmoja akija na deki yake ya nyumbani. Mechi zilipangwa kwa mfumo wa Uswisi, ambao asili yake ni mashindano ya sataranji ya karne ya 19. Katika mfumo huo hakuna anayetolewa kwa kushindwa. Kila raundi huwakutanisha watu wenye pointi sawa au zinazokaribiana. Raundi tatu hutosha kubakiza mtu mmoja asiyeshindwa kati ya wachezaji wanane, na raundi nne hutosha kwa kumi na sita. Kila mechi ilikuwa ya mchezo mmoja wa dakika 30. Mshindi alipata pointi 3, waliotoka sare pointi 1 kila mmoja, na aliyeshindwa hakupata kitu. Jedwali lilibandikwa ukutani, na aliyeongoza mwishoni mwa mwezi alipewa pakiti ya kadi mpya. Kubadilishana kadi kuliruhusiwa wakati wowote, bila masharti.

Katika mwezi wa kwanza mambo yalionekana kwenda vizuri, kwani chumba kilikuwa na kelele za furaha na wazazi walisifu. Hata hivyo, daftari linaonyesha kwamba kuanzia wiki ya tatu nafasi tatu za juu zilishikwa na watoto walewale watatu, wote wa miaka 12 na 13, na kwamba watoto wanne wadogo hawakuwa wameshinda hata mechi moja.

Kisha yalitokea matukio mawili. Mtoto wa miaka minane alitoa kadi adimu aliyopewa zawadi na dada yake, akapokea kadi tisa za kung'aa ambazo hakuna hata moja iliyoweza kufanya kazi katika deki yake. Aliondoka akiwa amefurahi, na huzuni ikaanza alipofika nyumbani na kuelezwa alichokifanya. Wiki iliyofuata mama yake alikuja kuidai kadi ile. Baba wa mtoto mkubwa akajibu kwamba makubaliano ni makubaliano, na kwamba mwanawe hakumlazimisha mtu. Wote wawili walisema kweli. Hapakuwa na kanuni iliyovunjwa, kwa kuwa hapakuwa na kanuni.

Tukio la pili liligunduliwa na mfanyakazi wa maktaba. Watoto wakubwa walikuwa wakicheza nyuma ya rafu kwa kuliana kadi, kama gololi zinavyochezwa, aliyeshindwa akimkabidhi mshindi kadi moja. Ni haki kusema kwamba watoto hao hawakubuni jambo jipya. Kanuni za awali za Magic mwaka 1993 zenyewe ziliwataka wachezaji waweke kadi moja rehani kabla ya kuanza, na mshindi azichukue zote. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na kadi zilizoutegemea zikapigwa marufuku katika mashindano. Mchezo unapochanganya ushindani na mali, hamu ya kuishindania mali hiyo hujitokeza yenyewe.

Kufikia mwisho wa mwezi wa pili waliokuwa wakihudhuria walibaki sita.

Kikao na mapendekezo yaliyokataliwa

Mratibu alisimamisha mechi kwa muda na kuwaita wazazi wote, wakiwemo wale ambao watoto wao walikuwa wameacha kuja. Wengi walitaka kubadilishana kadi kupigwe marufuku kabisa, wakikumbusha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 shule nyingi za Marekani na Uingereza zilizizuia kadi za Pokémon kwa sababu ya ugomvi wa namna hiihii. Mratibu alipinga. Alisema marufuku haiwezi kuondoa biashara hiyo. Itaihamishia ngazini na njiani, mahali ambapo mtoto mdogo hana mtu mzima wa kumkimbilia.

Pendekezo jingine lilikuwa kwamba mtu mzima akague kila makubaliano kwa kulinganisha bei za kadi sokoni. Lilikuwa na mvuto wa haki, lakini lilikataliwa baada ya mjadala mrefu. Mzazi mmoja alieleza, na hoja yake imenukuliwa kwa kirefu katika daftari, kwamba kadi anayoipenda mtoto kwa sababu ya picha yake haiwezi kupimwa kwa bei, na kwamba mtoto atakayezoea kuuliza kila kadi ina thamani ya fedha kiasi gani ataacha kuuliza inafanya nini mezani. Wapo pia waliohofia kwamba mtu mzima aliyethibitisha bei angebebeshwa lawama siku bei hiyo itakapobadilika.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkuu ulikuwa kutenganisha kucheza na kumiliki. Ligi ilitengeneza deki zake yenyewe, kumi na mbili kwa kuanzia, kutokana na kadi zilizotolewa na familia pamoja na deki zilizouzwa zikiwa tayari, ambazo wazazi walizichangia. Kila deki ilipewa namba, na orodha ya kadi zake 60 ikabandikwa ndani ya kifuniko cha kisanduku chake. Kadi zote zilivalishwa vifuko vya plastiki vya rangi moja. Kazi ya vifuko hivyo si kulinda kadi zisichakae tu. Kadi yenye kona iliyokunjika hutambulika hata ikiwa imefunikwa, na anayeitambua hujua kinachokuja kabla hajavuta. Kwa sababu hiyohiyo kadi za kung'aa hazikutumika katika deki za ligi, kwani hupinda hewa inapobadilika unyevu, na kadi iliyopinda huonekana wazi katikati ya nyenzake.

Kabla ya deki kutolewa kwa watoto, watu wazima walizipambanisha zote kwa zamu. Iliyoshinda mno ilipunguziwa kadi zake kali, na iliyoshindwa mno iliongezewa kadi zinazomruhusu mchezaji kuvuta kadi zaidi. Kazi hiyo ilichukua jioni nyingi, na ndiyo sehemu ya maandalizi ambayo waanzilishi wengi wangeshawishika kuiruka. Katika mechi za ligi, kila mtoto alipata deki kwa kura mlangoni.

Kubadilishana kadi za nyumbani kuliwekewa nusu saa ya mwisho, kwenye meza moja, mtu mzima akiwepo. Wote wawili waliweka kadi zao wazi mezani, na kila mmoja alieleza kwa maneno yake kwa nini anaitaka kadi ya mwenzake. Mtoto aliye chini ya miaka 10 alisubiri mlezi wake afike. Fedha haikuruhusiwa, wala kuliana kadi, na yeyote aliweza kubatilisha makubaliano kabla hajatoka chumbani.

Pakiti ya mshindi wa mwezi iliondolewa, na badala yake kila aliyekamilisha muhula alipata pakiti moja, zote zikafunguliwa siku moja mbele ya wote. Jedwali la ukutani lilionyesha idadi ya wapinzani tofauti ambao mtoto amecheza nao, huku pointi zikibaki katika daftari kwa ajili ya kupanga raundi. Idadi ilipokuwa witiri, mtu mzima alikaa mezani kucheza, ili asiwepo mtoto wa kupewa ushindi wa bure na kuachwa akitazama wenzake. Taratibu za usalama, yaani watu wazima wawili wakati wote, mlango wazi, na orodha ya anayeruhusiwa kumchukua kila mtoto, zilikuwepo tangu mwanzo na hazikubadilishwa.

Hatimaye, wawili kati ya wale wakubwa watatu waliombwa kuwa wasaidizi wa mwamuzi. Mratibu alitumaini kwamba ujuzi wao, ambao ulikuwa wa kweli, ungepata njia nyingine ya kuheshimiwa.

Matokeo

Waliohudhuria walirudi hadi 14 katikati ya muhula wa pili na kufikia 22 mwishoni mwa muhula wa tatu, hivyo deki za ligi ziliongezwa hadi 24. Watoto wote wanne ambao hawakuwahi kushinda walishinda mechi katika wiki chache za mwanzo, na watatu kati yao wangali wanakuja. Kadi saba zilipotea kutoka katika deki za ligi katika muhula wa pili. Tano zilipatikana zikiwa zimechanganyika na kadi za nyumbani, na tangu hapo kila mtoto huhesabu hadi 60 mbele ya mtu mzima anaporudisha kisanduku.

Kadi ya yule mtoto wa miaka minane haikupatikana, kwa maana ilikuwa imekwisha kubadilishwa tena na mtu asiye wa ligi. Mtoto alirudi, na mama yake ndiye sasa anayesimamia meza ya kubadilishana.

Msaidizi mmoja wa mwamuzi alifanya kazi yake kwa subira kubwa na akawa ndiye anayewafundisha wageni. Wa pili aliwaamulia marafiki zake kwa upendeleo katika mechi mbili, akaondolewa katika jukumu hilo. Yeye na wenzake wawili wakubwa waliondoka kabla ya muhula wa tatu. Waliposema sababu, walisema deki walizozijenga kwa muda mrefu hazikuwa na mahali pa kuchezwa.

Uchambuzi

Swali la kwanza ni kwa nini wakubwa watatu walishinda kila mara. Jibu lililotolewa na wengi kikaoni lilikuwa uzoefu, nalo ni kweli kwa sehemu tu. Kanuni inaruhusu hadi kadi 4 zenye jina moja katika deki, isipokuwa kadi za nishati za msingi, zinazowapa Pokémon nguvu ya kushambulia, ambazo hazina kikomo. Mtoto mwenye nakala zote 4 za kadi anayoitegemea ana uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kuipata katika kadi 7 za mwanzo. Mwenye nakala moja ana uwezekano wa chini ya asilimia 12. Tofauti hiyo ipo kabla ya yeyote kufanya uamuzi mezani, na hurudia katika kila kadi muhimu ya deki. Mtoto mdogo aliyeshindwa wiki baada ya wiki aliamini kwamba hana akili ya mchezo, kumbe alichokosa ni nakala tatu. Pakiti ya zawadi kwa mshindi iliupanua ufa huo kila mwezi, kwa kuwa ilimwongezea kadi yule ambaye tayari anazo.

Hapa ndipo nguvu ya deki za ligi ilipo. Hazikuwafanya watoto wawe sawa kwa ujuzi, wala halikuwa lengo. Ziliondoa sababu moja ya kushindwa ambayo mtoto hana uwezo wa kuirekebisha kwa kujifunza, zikaacha zile anazoweza kuzirekebisha: kuiwekea nishati kadi isiyofaa, kushambulia mapema mno, kusahau kuhesabu zawadi zilizobaki. Baada ya hapo mtu mzima aliweza kumwambia mtoto aliyeshindwa jambo la kweli na lenye manufaa. Kura ya mlangoni iliongeza faida nyingine, kwani mtoto aliyelazimika kuicheza deki iliyomshinda wiki iliyopita aligundua udhaifu wake kutoka ndani.

Kuhusu meza ya kubadilishana, sharti lililofanya kazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la kueleza sababu. Halimpi mtu mzima mamlaka ya kupanga thamani, lakini linamfanya mtoto asikie hoja yake mwenyewe kwa sauti. Daftari linaonyesha kwamba makubaliano mengi yalivunjwa na watoto wenyewe katika hatua hiyo, mara nyingi baada ya mmoja kusema kwamba anaitaka kadi "kwa sababu inang'aa" kisha akanyamaza. Sharti la kumsubiri mlezi lilifaulu kwa kiasi kidogo. Walezi wengi hufika wakiwa na haraka, foleni hujengeka, na baadhi ya watoto walianza kubadilishana ngazini, jambo lilelile ambalo mratibu alitaka kulizuia. Ingefaa zaidi mlezi apewe karatasi ya makubaliano aende nayo nyumbani, na kadi zibaki katika bahasha hadi wiki inayofuata. Umri wa miaka minane unaweza kuvumilia wiki moja; hauwezi kuvumilia foleni.

Lipo pia jambo dogo ambalo halikutarajiwa, nalo linastahili kuandikwa. Mara moja kadi iliyoletwa mezani ilionekana kuwa bandia, kwa kuwa rangi ya mgongo wake ilififia na karatasi yake ilikuwa nyembamba. Mtu mzima alilisema hilo mbele ya wote, na mtoto aliyekuja nayo, ambaye hakujua lolote, alidhaniwa kuwa mdanganyifu kwa muda mrefu. Ukaguzi wa namna hiyo ufanywe faraghani, na aambiwe kwanza mlezi.

Kosa zito zaidi la muhula wa pili lilikuwa jinsi wakubwa walivyoshughulikiwa. Kikao kiliwatazama kama chanzo cha tatizo, na kuwapa usaidizi wa mwamuzi kulikuwa njia ya kuwatuliza. Lakini kujenga deki ni nusu ya mchezo huu: kuchagua kadi 60, kuzijaribu, kuondoa mbili na kuingiza mbili nyingine, ni kazi ya akili inayostahili uwanja wake. Mtoto wa miaka 13 aliyeifanya kwa bidii aliambiwa, bila maneno, kwamba bidii hiyo ni dhuluma. Aidha, kumpa mtoto mamlaka juu ya mechi za marafiki zake bila mtu mzima kupitia maamuzi yake ni kumweka katika jaribu ambalo hata watu wazima hulishindwa. Yule aliyefaulu, alifaulu kwa tabia yake, utaratibu haukumsaidia.

Meza ya deki za nyumbani ilifunguliwa katika muhula wa tatu, ikiwa na mechi zisizohesabiwa katika jedwali la ligi, na watoto wa miaka 10 na kuendelea ndio wanaoitumia zaidi. Mmoja wa wale watatu walioondoka amerudi kwa ajili ya meza hiyo. Suala ambalo bado linajadiliwa ni kama meza hiyo ipewe siku yake, kwa sababu wadogo wameanza kuziacha mechi zao na kwenda kusimama nyuma ya wakubwa wakitazama, na maoni ya watu wazima yamegawanyika. Wengine wanaona huko ndiko kujifunza kwenyewe, na wengine wanaona hamu ya kumiliki inarudi kwa mlango wa nyuma. Mratibu ameamua kuiacha meza hiyo chumba kilekile kwa muhula mmoja zaidi, huku akiandika kila wiki ni watoto wangapi wadogo wanaomaliza mechi zao zote, na idadi hiyo ndiyo itakayopelekwa kwenye kikao kijacho cha wazazi.